Deni la Usenge

Wifi yetu alikuwa katika eda, hakuweza kutoka. Alitukabidhi daftari la marehemu mumewe, ndugu yetu mkubwa, aliyekuwa akinunua omena, yaani dagaa wa Ziwa Viktoria, na kuwauza Mombasa. Katika ukurasa wa mwisho mlikuwa na mstari mmoja usiofutwa: magunia matatu, mama wa Usenge, shilingi 18,400. Wasomaji wetu wanajua kwamba mirathi haigawanywi kabla ya deni la marehemu kulipwa. Nambari ya simu haikuandikwa. Tukafunga safari.

Kisumu, mji uliofikiwa na reli mwaka 1901, si ugenini sana kwa mtu wa Pwani. Adhana husikika na chapati hazikosekani. Ugeni ulituanza Kisian, njia inapogawanyika, moja ikipanda Maseno na nyingine ikielekea Bondo. Tulilipita Kit Mikayi, lile rundo la majabali ambalo jina lake kwa Kijaluo ni jiwe la mke wa kwanza. (Mke wa pili hakuachiwa hata kokoto, tulitaniana, tukacheka kwa mara ya kwanza tangu matanga.)

Baada ya Bondo kimya kilizidi. Boma moja, kisha mashamba ya mtama, kisha hakuna mtu kwa kitambo kirefu. Tulitawadha kwa maji ya chupa, tukasali Adhuhuri na Alasiri pamoja kando ya njia, kwa ruhusa ya msafiri. Kijana mchunga mbuzi, ambaye bila shaka hakuwa Mwislamu, aliwazuia wanyama wake wasitupite mbele mpaka tulipotoa salamu. Hatukumwomba.

Usenge tulikuta omena wameanikwa juu ya nyavu ufukweni, wanawake wakiwapindua jua lisiwaunguze upande mmoja. Wavuvi huwavua usiku kwa taa, na mchana ni kazi ya akina mama. Tulilitaja jina la ndugu yetu, hakuna aliyelijua. Tulipotaja gari lake la buluu, mama mmoja mzee aliinuka.

“Mombasa amekuja?” akauliza. Ndivyo walivyomwita.

Tulimweleza. Aliketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, akanyamaza muda mrefu. Kisha alizipokea fedha, akazihesabu mara mbili, akaturudishia shilingi 6,000.

“Gunia moja alinilipa kupitia dereva, wanangu. Labda hakuwahi kuandika. Hizi si zangu.”

Tulimwomba, kama tulivyoagizwa, amsamehe marehemu kwa kumchelewesha. Alisema hakuwa na kinyongo naye hata siku moja, ila msimu ule alikosa karo ya mjukuu. Alilisema bila ukali, nasi hatukuwa na la kujibu. Zile 6,000 tuliziacha kwa ajili ya mjukuu, baada ya kumpigia wifi simu na kupata ridhaa yake.

Tulipofika Mombasa, wifi alichukua kalamu akaupiga ule mstari, taratibu, kwa rula.