Baada ya Subaru, Mfuate Homura
Aliyemaliza Re:Zero akabaki na kiu asikimbilie kila anime yenye kijana aliyetupwa ulimwengu mwingine. Kilichotunasa kwa Subaru, shujaa wa Re:Zero, tangu 2016 si uchawi wala majoka. Ni kwamba kila akifa hurudi nyuma na kumbukumbu zake zote, huku wale aliokufa akiwatetea wakimtazama kama mgeni, naye amefungwa mdomo asiweze kusimulia. Upweke huo ndio wa kutafutwa, na sijauona ukichorwa vizuri kuliko katika Puella Magi Madoka Magica ya 2011, iliyoandikwa na Gen Urobuchi. Wasichana wenye tepe na magauni ya rangi wasikudanganye. Vumilia hadi sehemu ya 10 kati ya 12, ndipo utakapoelewa kwa nini Homura, mmoja wa wasichana hao, hacheki na mtu, na utataka kuanza upya ukimwangalia yeye tu. Steins;Gate ni ya mwaka huohuo, kutoka White Fox, studio ileile iliyotengeneza Re:Zero. Ni ya kisayansi zaidi na huanza polepole mno, lakini shujaa wake Okabe akishaanza kurudi nyuma ya wakati kumwokoa rafiki yake Mayuri, akajaribu hili na lile na mauti yakamwahi palepale, hutalala. Higurashi ya 2006 ni ya wenye moyo mgumu: damu ni nyingi, na kijiji cha Hinamizawa kinairudia Juni ya 1983 bila huruma. Ukiwa na nafasi ya moja tu wiki hii, chukua Madoka, na usikubali mtu akusimulie mwisho wake.