Kanda ya Saida Karoli na sikio la bibi

Wiki hii naomba mnivumilie. Mmenizoea hapa kwa habari za chanjo, presha na lishe ya watoto, lakini leo nazungumzia kanda. Ndiyo, kanda ya kaseti, ile albamu ya Saida Karoli ya mwaka 2001 ambayo wengi tunaiita Maria Salome.

Kwetu Kemondo kanda ile haikuingia kirahisi. Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilipita bandarini hapa ikielekea Mwanza, na asubuhi ya tarehe 21 ikazama ikiwa imekaribia kufika. Baba mdogo, kitinda mimba wa bibi, alipandia hapa. Baada ya matanga bibi alisema ngoma isilie tena nyumbani kwake. Redio ikawa ya taarifa ya habari na matangazo ya vifo tu. Mimi nilizaliwa mwaka uliofuata, katika nyumba isiyo na muziki.

Mama ndiye aliyeinunua kanda, sokoni, akawa anaisikiliza jikoni kwa sauti ya chini bibi akiwa shambani. Siku moja bibi akarudi mapema. Mama husimulia kwamba alibaki na mwiko mkononi, akisubiri kugombezwa. Bibi akatua mkungu wa ndizi, akavuta kigoda, akasikiliza upande mzima. Kisha akauliza, "Huyu mtoto ni wa kwa nani?" Hilo kwa Mhaya si swali la kupitisha muda. Tangu siku hiyo kanda ilipigwa hadi utepe ukakatika, tukauunga kwa rangi ya kucha.

Kwa nini naipenda? Saida haimbi kama mtu wa studio. Anaimba kama mwanamke anayemwita jirani ng'ambo ya migomba, na Kihaya chake hakukificha wala kukipunguza ili kieleweke Dar es Salaam. Watu wa Dar na Kampala walicheza hivyo hivyo, bila kujua maneno. Kasoro ipo. Vile vinanda vya kisasa vimezeeka haraka kuliko ngoma, na ukizisikiliza nyimbo zote mfululizo, mbili tatu zinafanana mwendo. Lakini ngoma ikishashika, nani anahesabu?

Chuoni rafiki yangu alinisikilizisha The Pogues, bendi iliyoanzishwa London mwaka 1982, iliyochukua muziki wa asili wa Ireland, na filimbi na kinanda chake cha mkono, ikaupiga kwa fujo za panki. Nusu ya maneno sikuyapata. Nilichosikia ni watu walio mbali na kwao wanaokataa kusahau, ndiyo maana wanapiga kelele namna ile. Saida hakuwa na haja ya kelele. Alikuwa nyumbani.

Krismasi iliyopita tulirudi wote, kama ilivyo kawaida ya Wahaya. Binti wa dada yangu, yuko kidato cha pili Dar, akasema Salome nzuri ni ya Diamond Platnumz na Rayvanny, ile ya 2016. Nikamwambia hiyo ni mjukuu wa hii. Tukakubaliana bibi aamue. Tukazipiga zote mbili kwenye spika ndogo ya simu. Bibi akatutazama tu, akatabasamu kama mtu anayesalimiwa kwa lugha asiyoijua.

Sebule ikapoa. Dada akaninong'oneza kuwa huzuni ya zamani imerudi. Mjomba akasema ni uzee. Na mimi ninayewaandikia afya kila wiki nikakubali, aibu yangu. Ni yule yule binti aliyeihamishia spika upande wa kulia, na bibi akageuza kichwa.

Nilimpeleka kituo cha afya. Sikio la kushoto lilikuwa limezibwa kabisa na nta, la kulia nusu. Kumbe bibi alikuwa akijichokonoa kwa njiti ya kiberiti iliyozungushiwa pamba, na hiyo husukuma nta ndani zaidi. Tukapewa matone ya kuilainisha kwa siku kadhaa, ndipo muuguzi akamsafisha kwa maji ya vuguvugu. Usijaribu kumwagia maji mwenyewe nyumbani, maana ngoma ya sikio ikiwa imetoboka utamuumiza. Na ukiona mzee wako amekuwa mkimya barazani, kabla ya kusema ni uzee, mpeleke wamwangalie masikio.

Jioni ile tukaipiga tena Maria Salome, kwa sauti ile ile ya mwanzo. Bibi akaomba ipunguzwe. Akasikiliza mpaka mwisho, mkono ukigonga goti. Akasema ya Diamond ni ya kuchezea, ya Saida ni ya kukalia kigoda. Binti akanuna.

"Na hawa wanaoitikia nyuma," bibi akauliza, "walikuwepo siku zote?"