Ngapi na Mara Ngapi

Ndugu washairi na wapenzi wa lugha,

Kati ya mwaka 1967 na 1970, Michael Grossman na Robert Katz wa Marekani walibuni kalkulasi zisizo za Newton, wakazieleza katika kitabu chao cha mwaka 1972. Mojawapo hupima mabadiliko kwa kuzidisha na kugawanya badala ya kujumlisha na kutoa. Nailetea baraza hili mada hiyo kwa sababu Kiswahili kina neno lake tayari.

Tutazame sensa zetu. Mwaka 2012 Tanzania ilikuwa na watu milioni 44.93, mwaka 2022, milioni 61.74. Kalkulasi tuliyoizoea huuliza: kila mwaka waliongezeka wangapi? Takriban milioni 1.7. Ile nyingine huuliza: kila mwaka walikuwa mara ngapi ya mwaka uliotangulia? Hugawanya, hutafuta kipeuo cha kumi, na kupata mara 1.032. Swali hili la pili ndilo linaloafiki vitu vizaavyo, kwani waliozaliwa jana ndio wazazi wa kesho. Ukikadiria idadi ya katikati, mwaka 2017, njia ya kwanza hutoa milioni 53.3, ya pili 52.7. Tofauti yapita watu laki sita, nayo imebebwa na neno moja: mara.

Nilisomea ualimu Korogwe, nikafundisha hisabati sekondari hadi kustaafu. Siku moja nilieleza ukuaji wa namna hii kwa Kiingereza, darasa likanyamaza. Nilipouliza, “Imekuwa mara ngapi?”, binti mmoja alijibu sawasawa kabla sijageuka ubaoni. Baadaye nilikaripiwa kwa kutumia Kiswahili. Alichojifunza shule ya msingi kwa lugha yake, tulimtaka akiache mlangoni mwa sekondari.

Wapo wasemao kalkulasi hii ni ileile ya zamani iliyopitishwa katika logi. Ni kweli logi huigeuza moja kuwa nyingine. Lakini nyinyi mnajua kuwa wazo likihamishwa kutoka bahari moja ya ushairi hadi nyingine, huonekana lisivyoonekana awali.

Napendekeza tuiite “kalkulasi ya mara”. Ile ya kawaida sithubutu kuiita “ya jumla”, maana wengi wataidhani ya mambo yote. Mwenye istilahi bora kwa zote mbili na ailete, ili mwalimu wa kesho aitamke darasani bila kukaripiwa.