Pipa Likianguka, Sekunde Tano

Wanachuo wenzangu, leo naomba tuzungumze kuhusu mapipa. Si yale tunayoyapanga nyuma ya hosteli maji yakikatika. Nasema mapipa matatu ya chuma yanayowekwa uwanjani kule Marekani, na mwanamke juu ya farasi akayazunguka mbio kama anayekimbiza basi la mwisho.

Mchezo huu niliuona mara ya kwanza mwaka wa pili, kwenye simu ya mwenzangu wa chumba. Mimi farasi sijawahi kumpanda. Kwetu Singida nilipanda punda tu, tena wa jirani, na bila ruhusa. Lakini nilijikuta naangalia mbio moja baada ya nyingine hadi usiku wa manane, na kilichonishika hakikuwa kasi ya farasi. Zilikuwa sheria zao.

Mchezo wenyewe ni sehemu ya rodeo. Mapipa matatu hupangwa pembetatu. Katika vipimo vya kawaida, pipa la kwanza na la pili huachana mita 27 na ushee, na kila moja huwa mita 32 kutoka pipa la tatu. Mpanda farasi anaingia kwa kasi, saa ya umeme inaanza kuhesabu anapovuka mstari, anazunguka pipa la kwanza, la pili, la tatu, kisha anarudi moja kwa moja hadi mstarini. Anaruhusiwa kuanza na pipa la kulia au la kushoto. Akianza na la kulia, anakata kona moja ya kulia na mbili za kushoto. Akianza na la kushoto, kinyume chake. Kwa vipimo hivyo, mbio nzuri huchukua kama sekunde 17, na washindi hutofautiana kwa sehemu ya mia ya sekunde.

Sasa sikia adhabu zake. Kwenye WPRA, chama cha wanawake wa rodeo, pipa likianguka unaongezewa sekunde 5. Mapipa mawili, sekunde 10. Kuligusa pipa si kosa. Likiyumba, unaweza hata kulishika kwa mkono lisianguke, na hakuna atakayekuuliza. Lakini ukipotea njia, yaani ukaruka pipa au ukazunguka upande usio wake, hupati muda kabisa. Umetoka mchezoni kwa siku hiyo.

Yaani ni ngazi tatu: kuyumba hakuna adhabu, kuangusha kuna bei yake, kuacha njia ndiko kunakokutoa. Bingwa na mgeni wanalipa bei ileile, na wote wanaijua kabla hawajapanda tandiko.

Mwaka 1985, kwenye fainali za taifa mjini Las Vegas, Charmayne James alikuwa mbioni pale hatamu ilipomvuka farasi wake, Scamper. Akaendelea hivyo hivyo, akamaliza, na akashinda raundi ile. Hakuna aliyemkata kwa kuonekana hovyo. Mapipa yalisimama, njia ilifuatwa, saa ilisema.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Miaka ya 1930 huko Stamford, Texas, wasichana walioshindana kwenye rodeo walipewa alama hata kwa mavazi yao. Mwaka 1948 wanawake 38 walikutana San Angelo, Texas, wakaanzisha chama chao wenyewe, ambacho ndicho WPRA ya leo. Walitaka mashindano ya kweli, yenye sheria zilizoandikwa. Ukihukumiwa kwa jicho la mtu, huwezi kujiandaa, kwa sababu hujui kesho jicho hilo litaamkaje.

Kwa nini nawaeleza haya mimi ninayesomea ualimu? Kwa sababu ya kilichonipata TP.

Nilipangiwa shule moja ya sekondari, kidato cha pili. Wiki ya pili mvulana mmoja alikuja bila kazi ya nyumbani. Nikamtoa nje kipindi kizima. Siku mbili baadaye msichana mmoja alinong'ona na mwenzake, naye nikamtoa nje. Ijumaa nikamkamata mwingine ananakili jaribio neno kwa neno. Nikamtoa nje. Yule mvulana wa kwanza alinifuata baada ya kipindi, akaniuliza kwa adabu kabisa: "Mwalimu, samahani, kwani sheria yako ni ipi?"

Sikuwa na jibu. Nilisema kitu kuhusu nidhamu, nikaondoka haraka kama mtu anayedaiwa. Ukweli ni kwamba sheria yangu ilikuwa hasira yangu. Aliyeligusa pipa, aliyeliangusha na aliyeacha njia, wote niliwapa adhabu moja, na hakuna hata mmoja aliyeijua kabla.

Na sikuwa peke yangu. Pale shuleni fimbo ilitembea kila asubuhi, mikononi mwa yeyote aliyekuwa karibu na geti. Kanuni za serikali za mwaka 2002 kuhusu viboko zinasema visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Mimi kanuni hizo nilizisoma baada ya kurudi chuo. Jiulize wewe unayekwenda TP mwaka huu: umezisoma? Kama hujazisoma, utazilindaje? Na mtoto atajuaje kwamba alichotendewa kimevuka mpaka?

Turudi hapa chuoni, maana na sisi tunaumwa ugonjwa huohuo. Kuna somo moja asaimenti ikichelewa siku moja unakatwa alama mbili. Lingine unapata sifuri. Lingine inategemea umemkuta mhadhiri na hali gani. CR anatuma ujumbe kwenye grupu saa nne usiku, "inasemekana hazipokelewi tena," na watu wanaanza kuhesabu sapu. Sisemi adhabu ziondolewe. Nasema ziandikwe, zitolewe wiki ya kwanza pamoja na mpango wa somo, na zifuatwe kwa wote.

Najua kuna atakayesema sekunde 5 ni ukatili uleule tu. Kwenye mbio zinazoamuliwa kwa sehemu ya mia ya sekunde, sekunde 5 ni kama kufa. Ni kweli kwa raundi moja. Lakini fainali zile zina raundi 10, na kuna zawadi ya jumla ya muda wa raundi zote. Aliyeangusha pipa leo bado ana muda wake kwenye hesabu, na kesho anarudi kupigania. Aliyekosa muda kabisa hana cha kujumlisha. Adhabu ya kwanza inauma lakini inakuacha mchezoni. Mwanafunzi aliyekatwa alama mbili atafanya asaimenti inayofuata. Aliyepewa sifuri kwa kuchelewa siku moja, wengi wetu tunajua anavyokata tamaa na somo zima.

Mwingine atasema sheria zinatofautiana, kwa hiyo haki iko wapi? Hata huko zinatofautiana. NBHA, chama kingine cha mbio za mapipa, hakina sekunde 5. Pipa likianguka, huna muda. Ni kali, lakini mwanachama wake anajua kabla hajalipa kiingilio, na hupanga kona zake kwa hofu hiyo. Naikubali sheria kali niliyoisoma kuliko sheria laini ninayoisikia kwenye grupu saa nne usiku.

Sisi wa kitivo cha elimu tusingoje chuo kianze. Muhula ujao narudi darasani, na siku ya kwanza nitaandika ubaoni mistari mitatu: nini si kosa, nini kina bei na bei yake ni ngapi, na nini kitakutoa nje. Kisha nitawauliza wanafunzi kama wanaona ni haki, na nitasikiliza.

Yule mvulana wa kidato cha pili bado namdai samahani. Nikimkuta, nitamjibu swali lake.