Dawa za msamaha, nauli ya kulipa: hesabu ya tiba ya akili milimani Same

Mkulima wa tangawizi wa Mamba Miamba anayemuuguza mtoto mwenye maradhi ya akili huambiwa neno la kumpa moyo anapofika hospitali ya serikali: matibabu haya yana msamaha. Ni kweli. Serikali ilipoanzisha uchangiaji wa huduma za afya katika miaka ya 1990, maradhi sugu ya akili yaliwekwa katika kundi la msamaha, sawa na kifua kikuu na ukoma. Hata hivyo, mwaka ukiisha familia hiyo huwa imeuza mbuzi na tangawizi imekwenda kwa bei ya kutupa. Fedha zimekwenda wapi?

Zimekwenda barabarani. Kutoka vijiji vya Mbaga, Vuje au Bombo, mgonjwa huteremka kwanza hadi mjini Same, kisha husafiri kilometa kama 100 hadi Moshi, kwenye hospitali ya mkoa ya Mawenzi au ile ya kanda, KCMC. Mgonjwa wa aina hii hasafiri peke yake.

Tuchukulie kwamba nauli ya mtu mmoja ni shilingi 12,000 kwenda na kiasi hicho kurudi. Kwa watu wawili ni 48,000. Chakula na malazi 20,000. Msindikizaji anapoteza siku mbili za shamba, au siku ya gulio kama ni mfanyabiashara, tuseme 20,000. Jumla ni 88,000 kabla ya kununua hata kidonge kimoja kilichokosekana dirishani. Akienda kila mwezi, kwa mwaka ni 1,056,000. Akienda kila baada ya miezi mitatu ni 352,000. Kila msomaji aweke nauli ya kwake. Tofauti itabaki kubwa.

Kwa hiyo swali lenye faida kubwa kuliko yote halihusu bei. Ni kumuuliza daktari wa Moshi, kabla ya kuondoka, kama mgonjwa akishatulia anaweza kuandikiwa barua ya kufuatiliwa katika Hospitali ya Wilaya ya Same au kituo cha karibu, na kupewa dawa za miezi zaidi ya mmoja. Wengi hawaulizi, kwa heshima au kwa woga, nao hulipia ukimya huo kwa nauli.

Tiba ya mazungumzo, yaani ushauri nasaha, ndiyo inayoumizwa zaidi na umbali. Vidonge hubebwa katika mfuko. Mazungumzo hudai mtu arudi tena na tena. Hapa inafaa kuuliza kama baadhi ya vikao vinaweza kufanyika kwa simu. Kwa watu wa Ndungu na Kihurio, ambao barabara yao huteremkia Mkomazi na kuelekea Korogwe, ipo pia Lutindi, hospitali ya Kilutheri katika milima ya Usambara inayotibu maradhi ya akili tangu 1904. Huko kazi za mikono na za shamba ni sehemu ya tiba yenyewe. Gharama zake ziulizwe mapema, maana si ya serikali.

Linabaki suala la fedha zenyewe. Tangawizi hukaa ardhini miezi minane na zaidi, na ugonjwa hausubiri. Njia iliyozoeleka ni kuuza mazao yakiwa shambani. Mkulima akipokea 200,000 leo kwa tangawizi ambayo baada ya miezi mitatu ingempa 350,000, amekopa kwa riba ya asilimia 75, ingawa hakuna aliyelitaja neno riba. Kikundi cha vicoba kinachotoza asilimia 5 kwa mwezi kingemdai 30,000 tu juu ya kiasi hicho. Aidha, vikundi vingi vina mfuko wa jamii kwa ajili ya misiba na maradhi. Katiba nyingi za vikundi huwaza homa na ajali. Wanachama waandike wazi kwamba maradhi ya akili nayo yamo, na nauli ya msindikizaji imo.

Bima nayo ina mipaka ya kujulikana. Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF, ulianza kwa majaribio Igunga mwaka 1996 na kupewa sheria 2001. Ulipoboreshwa mwaka 2018, kaya ya watu sita ilichangia 30,000 kwa mwaka, na huduma zilifika hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Maana yake, kadi hiyo iliishia Mawenzi. Mlango wa KCMC haukufunguka kwayo. Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Anayejiunga aulize mambo matatu kwa afisa wa kata: kadi inafika hospitali ya ngazi gani, dawa za akili zinazokosekana dirishani zinafidiwa wapi, na vikao vya ushauri vimo au havimo. Nauli haimo katika kadi, hivyo itengwe siku tangawizi inapouzwa, kabla fedha hazijafika dukani.