Picha Kwenye Pakiti Si Mapatano



Wengi wetu tunaofanya kazi relini tulilipiwa karo kwa fedha za kahawa, na leo mishahara yetu inarudi Nyeri, Kirinyaga, Murang'a, Meru na Kisii kununua mbolea na dawa ya mibuni ya wazee wetu. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba habari za kahawa si habari za chama cha wafanya kazi.

Siku hizi limezuka neno tamu, nalo ni ubia. Wakaangaji wa kahawa wa Ulaya na Marekani, wale wanaouza kahawa bora peke yake, wasema kwamba wao na mkulima wetu ni wabia. Huja kwa ndege wakati wa mavuno, huingia kiwandani, hunusa, huonja kwa kijiko, hupiga picha. Kisha mama mzee mwenye kikapu hubandikwa juu ya pakiti, na chini yake huandikwa kwamba huyu ni mbia wetu.

Hatuwachukii watu hawa. Wako wanaolipa bei ya juu kuliko ya mnada wa Nairobi, na heshima yao tutawapa. Lakini sisi ni watu wa chama, na neno mapatano twalijua maana yake. Mapatano yana pande 2, na kila upande waweza kukataa. Bei imeandikwa, muda umeandikwa, na kila upande una nakala yake. Je, mama wa kwenye picha ana nakala gani? Ana karatasi ya chama cha ushirika yenye kilo alizopeleka. Bei kamili haimo. Ataijua baada ya miezi mingi, wakati pakiti yenye uso wake imekwisha kununuliwa na kutupwa.

Tufanye hesabu kidogo. Kilo 6 au 7 za matunda mekundu hutoa kilo 1 ya kahawa iliyokobolewa. Ikikaangwa hupungua, zikabaki gramu 800 na kitu. Kikombe kimoja chataka gramu 15 hadi 20. Basi kilo 7 alizochuma mama kwa vidole vyake, akitenga jekundu na bichi, ni vikombe 40 hadi 55. Bei ya kila kikombe imeandikwa ukutani dukani mwa mbia wake, kila mtu aione. Bei ya mama ndiyo siri. Mkaangaji atasema ana kodi ya duka na mishahara ya vijana wake. Ni kweli, na vijana hao ni wafanya kazi wenzetu. Lakini gharama zake zimo ndani ya bei ya kikombe. Za mama zimo wapi?

Tazama jambo la mibuni yenyewe. Wakaangaji hawa wapenda sana SL28 na SL34, aina zilizochaguliwa hapa Kenya na Scott Laboratories katika miaka ya 1930. Ladha yake ni nzuri, hatubishi. Lakini haistahimili ule ugonjwa wa kuozesha matunda ambao wakulima huuita CBD, ulioonekana mara ya kwanza hapa kwetu mwaka 1922. Mvua ikizidi, mkulima hupiga dawa, hurudia, na hurudia tena, na kila pipa ni fedha yake. Mwaka 1985 ilitolewa Ruiru 11, na mwaka 2010 ikatolewa Batian, ambazo zaustahimili ugonjwa huo na zapunguza gharama ya dawa. Wengi wa hao wabia wakizisikia hukunja pua, ati ladha si ile. Vyema! Kama ladha ya SL28 ni mali ya ubia, dawa ya SL28 nayo iwe ya ubia. Sisi bado hatujaiona pakiti iliyoandikwa kwamba mkaangaji alilipa nusu ya dawa.

Na mwaka mbaya huubeba nani? Mwaka 1989 mapatano ya mataifa yaliyogawa kiasi cha kahawa cha kila nchi yalivunjika, na bei ikaanguka. Mwaka 2001 ratili moja ilikuwa chini ya senti 50 za Marekani katika soko la New York. Februari 2025 ilipita dola 4. Kenya iliyotoa zaidi ya tani 120,000 mwishoni mwa miaka ya 1980 siku hizi haifikishi nusu yake, na Kiambu nyumba za kupangisha zimesimama palipokuwa na mibuni. Labani naye alimwita Yakobo ndugu, na mshahara wake akaubadili mara 10.

Wako wachache wanaochapisha bei waliyolipa. Wamefanya vizuri. Lakini hiyo ni bei ya kahawa iliyo tayari kupakiwa melini Mombasa. Kati ya Mombasa na mizani ya kiwandani yuko mwenye kinu, yuko wakala, iko riba ya benki, na iko kamati yetu wenyewe. Hapa tuseme kweli, maana si kila mlafi alikuja kwa ndege. Tangu mwaka 2006 kahawa yaruhusiwa kuuzwa moja kwa moja bila kupitia mnada, lakini mwenye mashina 200 hapiti mlango huo peke yake. Mbia wake wa kutia sahihi ni chama chake cha ushirika, na sahihi hiyo haifai kitu kama mkataba haukusomwa mkutanoni, kwa lugha ya wenye kahawa, na bei ya mizani ikiwa imeandikwa ndani yake kwa misimu kadhaa.

Tena kuna vibarua wa kuchuma, wanaolipwa kwa debe. Mkulima aliyepunjwa humpunja kibarua, na hakuna mbia aliyewahi kutuuliza habari za debe. Sisi tutauliza. Kila mwanachama atakayekwenda likizo Desemba afike mkutano wa chama cha ushirika kwao, aulize mkataba uko wapi, kilo ililipwa shilingi ngapi mizanini, na debe lililipwa shilingi ngapi. Majibu yaletwe kwa karani wa tawi kabla ya mwisho wa Januari. Anayeweza kuleta nakala ya mkataba, alete.