Chembe za mpito angani zahitaji Kiswahili

Serikali ya mpito inapotajwa magazetini, sote huelewa: ni utawala wa muda mfupi unaoweza kuamua mustakabali wa taifa. Angani pia mna chembe za mpito. Huzaliwa, hutenda na kutoweka upesi mno. Je, ni wanafunzi wangapi waliowahi kuelezwa habari zake kwa Kiswahili?

Mashuhuri miongoni mwazo ni hidroksili. Miali ya jua huvunja ozoni na kutoa atomu ya oksijeni yenye nguvu nyingi. Atomu hiyo ikikutana na mvuke wa maji, huzaliwa hidroksili mbili. Kila moja huishi takriban sekunde moja tu, lakini ndizo zinazoanza kuivunja metani, gesi ipashayo dunia joto, itokayo katika majaa ya taka na matumbo ya ng'ombe. Kwa kuwa tropiki ina jua kali na mvuke tele, sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika katika anga yetu.

Hata hivyo, mvuke uo huo huangamiza chembe nyingine. Mnamo 1949 Mjerumani Rudolf Criegee alieleza chembe za mpito zinazozuka ozoni inaposhambulia baadhi ya gesi zitokazo katika miti na magari. Mwaka wa 2015 watafiti nchini Taiwan walionyesha kwamba iliyo sahili kuliko zote humalizwa haraka na molekuli mbili za maji zilizoshikana. Hivyo basi, palipo na unyevu mwingi, haipati fursa kubwa ya kusaidia kugeuza gesi ya salfa kuwa asidi.

Wapo watakaosema: basi anga itajisafisha yenyewe! La hasha. Metani hudumu angani takriban mwongo mmoja, na kiwango chake kimezidi maradufu tangu kabla ya enzi ya viwanda. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nikitamka neno "radikali" darasani, wanafunzi wangu hufikiria siasa, wala si kemia. Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Lakini urasmi usioingia maabarani ni nusu ya urasmi. Raia ataidai vipi haki ya hewa safi kutokana na jaa lililo mlangoni pake, ikiwa elimu ya hewa hiyo imefungiwa katika lugha asiyoimudu? Walimu wa sayansi na wa Kiswahili, keti pamoja mtunge istilahi.